Filamu ya Masta: Anzia Ukumbini, Rudi Kwenye Kamera

ZUHURA: Karibu msikilizaji. Leo tuko kwenye shahada ya uzamili ya filamu na video ya kidijitali, ile ya mwaka mmoja inayosomwa Uingereza, na hasa mradi wake wa mwisho. Niko na kaka Mbwana.

MBWANA: Asante dada Zuhura. Tuanze na hesabu, maana wengi wanafika kule hawajaipiga. Shahada ile ina krediti 180. Krediti moja ni saa 10 za kazi, kwa hiyo mwaka mzima ni saa 1,800. Mradi wa mwisho kwa kawaida hubeba krediti 60, yaani saa 600. Zigawe kwa wiki 13 za kiangazi, unapata saa 46 kila wiki. Hapo hujapika wala hujafua, na kazini hujaenda.

ZUHURA: Hiyo ya kazini tuimalize mapema. Viza ya mwanafunzi inaruhusu kuajiriwa hadi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Kwa mtu wa masta, ile miezi ya mradi inahesabiwa kuwa wakati wa masomo, hata kama wenzake wa shahada ya kwanza wako likizo. Tena viza hiyo hairuhusu kujiajiri. Jamaa wa nyumbani watakuomba uwapigie video ya harusi Jumamosi wakulipe. Ukipokea hela hiyo, umejiajiri, na umevunja masharti ya viza. Kataa.

MBWANA: Sasa mradi wenyewe. Msimamizi atakuuliza mada, na ni haki yake. Lakini kuna swali lingine ambalo mimi ningeliweka mbele ya yote: filamu hii itaonyeshwa wapi? Jibu lake ndilo linaloamua namna ya kupanga kamera, kinasa sauti, kompyuta na hata ratiba. Asiyelijibu mwezi wa 6 atalijibu mwezi wa 9, na wakati huo kulijibu ni ghali.

ZUHURA: Tuchukue mfano mmoja twende nao. Filamu ya dakika 15, ya Kiswahili, inayotakiwa kuonyeshwa ukumbini kwenye tamasha.

MBWANA: Vizuri. Ukumbi wa sinema haupokei faili ya kawaida ya video. Unapokea DCP (Digital Cinema Package), ambayo ni folda yenye picha zilizobanwa kwa JPEG 2000, fremu moja moja, rangi zikiwa zimegeuzwa kwenda mfumo wa XYZ, na sauti isiyobanwa ya biti 24 kwa 48 kHz. Kwa 2K, ukubwa wa kawaida wa picha ya sinema, umbo la picha ni pikseli 1998 kwa 1080, au 2048 kwa 858 kwa picha pana. Kasi ambayo kila projekta ya sinema inaielewa ni fremu 24 kwa sekunde.

ZUHURA: Na hapo ndipo ugomvi unapoanza, kwa sababu Uingereza, sawa na Tanzania na Kenya, umeme wake ni wa 50 Hz na televisheni yake ni ya fremu 25. Mwanafunzi anachukua kamera stoo, anaikuta kwenye 25, anapiga hivyo hivyo.

MBWANA: Kiwango kipya cha DCP kinaruhusu 25, lakini huna hakika na kila ukumbi. Ukumbi ukitaka 24, njia ya kawaida ni kuipunguza filamu mwendo. Dakika 15 zinakuwa dakika 15 na sekunde 37 na nusu. Sauti nayo inavutwa, watu wanaongea kwa uzito usio wao, na muziki unatoka kwenye ufunguo wake. Kompyuta inaweza kurudisha sauti juu, lakini kila ukiikoroga hivyo inapoteza ukali kidogo.

ZUHURA: Kwa hiyo, kama mwisho ni ukumbi, piga 24 tangu siku ya kwanza.

MBWANA: Piga 24, ukijua taa za kule zitakusumbua. Taa ya umeme wa 50 Hz hupigapiga mara 100 kwa sekunde. Kamera ya fremu 24 yenye shata, yaani pazia linaloruhusu mwanga uingie, ya nyuzi 180 inafungua kwa sehemu 1 ya 48 ya sekunde. Namba hizo mbili hazipatani, ndiyo maana ukuta unaanza kupumua, yaani mwanga wake kupanda na kushuka, nyuma ya mwigizaji, hasa chini ya taa za mirija au LED za bei ndogo. Dawa ni kuweka shata nyuzi 172.8. Hapo unapata sehemu 1 ya 50 kamili, na kupumua kunaisha. Mtazamaji hawezi kuona tofauti ya mwendo kati ya 180 na 172.8. Lakini LED zinazopunguzwa mwanga kwa kuwashwa na kuzimwa haraka zina kasi zao. Hizo zijaribu kabla ya siku ya kazi, na utazame kwenye skrini kubwa. Kile kioo kidogo cha kamera hakitoshi.

ZUHURA: Na 24 iwe 24 kweli, si 23.976.

MBWANA: Mara nyingi kamera huziandika zote mbili kama 24 kwenye menyu ya juu, lazima uingie ndani kuhakikisha. Tofauti yake ni sehemu 1 katika 1,000, inaonekana si kitu. Chukua mahojiano ya dakika 10 yaliyopigwa kwa 23.976, yakachezeshwa kama 24 huku sauti ikibaki ilivyorekodiwa. Mwanzoni midomo inalingana, mwishoni picha imeitangulia sauti kwa fremu 14. Tena ukitumia DaVinci Resolve, programu ya kuhariri, weka kasi ya fremu ya mradi kabla ya kuingiza klipu hata moja. Ukishaingiza, haikuruhusu kuibadilisha.

ZUHURA: Tuje kwenye uzito wa faili. Nadhani hapa ndipo bajeti za wanafunzi zinapovunjika kimyakimya.

MBWANA: Kurasa 15 za skripti ni kama dakika 15. Ukipiga dakika 10 kwa kila dakika 1 itakayobaki, unarudi na dakika 150, yaani saa mbili na nusu. ProRes 422 HQ, aina ya faili ya video ya ubora wa juu, kwa picha ya UHD, ile inayoitwa pia 4K, kwenye fremu 24 au 25, ni zaidi ya GB 300 kwa saa. Weka 320. Hiyo ni GB 800. Kisha unahitaji nakala tatu, moja wapo ikae jengo jingine. Umefika TB 2.4. Mwanafunzi amenunua diski moja ya TB 1, siku ya tatu imejaa, anaanza kufuta kadi ili apate nafasi.

ZUHURA: Na kadi haifutwi mpaka nakala mbili zimehakikiwa. Kuhakikiwa maana yake programu imesoma faili ya asili na ya nakala ikalinganisha, biti kwa biti. Kuburuta folda kwa kipanya hakuhakiki chochote. Waya ukilegea katikati, unaweza kubaki na klipu yenye jina na ukubwa sahihi lakini haifunguki. Resolve ya bure ina kifaa cha kunakili kinachofanya uhakiki huo, kiko kwenye ukurasa wa Media.

MBWANA: Kwa kuhariri, tengeneza faili nyepesi, proksi. ProRes Proxy ya 1080 ni karibu GB 17 kwa saa, saa mbili na nusu zako zote ni kama GB 42, zinaingia kwenye laptopu ya kawaida. Usibadilishe majina ya faili za asili baada ya hapo. Mhariri akishafanya kazi na proksi, jina ndilo kamba inayomrudisha kwenye picha halisi.

ZUHURA: Sauti sasa, na hapa naomba tukae, kaka. Filamu nyingi za wanafunzi zina picha nzuri na maneno yasiyosikika.

MBWANA: Zinapewa maiki juu ya kamera. Sauti ya moja kwa moja hushuka desibeli 6 kila umbali unapozidishwa mara mbili. Mwangwi wa chumba haushuki hivyo, wenyewe umeenea kila mahali. Kwa hiyo bumu, ile maiki ya kwenye fimbo, ikiwa sentimita 50 kutoka mdomoni unasikia mtu, ikiwa mita 2 unasikia chumba. Hakuna programu inayokurudishia vizuri hiyo tofauti. Mshika bumu ni fundi, asiwe yeyote aliyekosa kazi siku hiyo.

ZUHURA: Nyumba za kule zina friji inayonguruma jikoni. Izime, na uweke funguo zako ndani yake, ili usiondoke ukaacha chakula cha mwenye nyumba kikiharibika. Kisha, kabla ya kuhama kila eneo, rekodi ukimya wa chumba kwa sekunde 60, watu wote wakiwa wamesimama pale pale. Mhariri anautumia kuziba mapengo kati ya sentensi. Usipokuwepo, kila mkato unasikika kama mlango unaofungwa.

MBWANA: Kinasa kiwe 48 kHz, si 44.1, biti 24, vilele vya maneno vicheze karibu na desibeli 12 chini ya kiwango cha juu. Kuna vinasa vya biti 32 vinavyokuruhusu kuokoa sauti iliyopanda mno. Lakini kama maiki yenyewe imezidiwa na kelele, hapo hakuna kuokoa. Piga kibao kila teki, yaani kila mara kamera inapoanza kurekodi tena, kiwe ndani ya picha, na msomaji ataje namba kabla ya kukigonga.

ZUHURA: Na kwa kuwa tumesema ukumbi, mchanganyiko wa sauti uwe wa 5.1, yaani wa njia sita za sauti kuzunguka ukumbi, maneno yakae kwenye spika ya katikati.

MBWANA: Ukipeleka ya spika mbili, aliyekaa kiti cha pembeni atasikia mwigizaji anaongea kutoka ukutani kwake, na wala si kutoka kwenye skrini. Ukishafunga picha, yaani ukimaliza kuhariri bila kubadilisha tena, mtumie fundi wa sauti video yenye mlio mfupi wa fremu 1 sekunde 2 kabla ya fremu ya kwanza ya filamu. Yeye anaurudisha mlio huo pamoja na mchanganyiko wake. Milio miwili ikigongana, mmelingana.

ZUHURA: Ratiba basi, tuihesabu kinyumenyume. Wiki ya 13 ni DCP, kuijaribu, na kumalizia andiko linaloambatana na filamu. Wiki ya 11 na 12 ni rangi na sauti. Wiki ya 10 unafunga picha, na kufunga ni kufunga, hata fremu moja haiguswi tena, kwa sababu fundi wa sauti tayari anafanya kazi juu yake. Wiki ya 6 hadi ya 9 kuhariri. Wiki ya 5 kupiga, kurasa 3 kwa siku, siku 5. Wiki 4 za mwanzo ni maandalizi, na humo ndimo kuna karatasi.

MBWANA: Karatasi zinadharauliwa. Fomu ya maadili ya utafiti, tathmini ya hatari kwa kila eneo, ridhaa ya kila anayeonekana, ruhusa ya mwenye eneo. Ukipiga kabla fomu ya maadili haijapitishwa, chuo kinaweza kukataa picha hizo zisitathminiwe. Na muziki una haki mbili: ya utunzi na ya rekodi. Msanii akikuambia "tumia tu", huenda rekodi si yake, ni ya studio au kampuni.

ZUHURA: Anayekuja kupiga nyumbani, vibali vyake vianze kabla ya tiketi ya ndege. Tanzania Bara ni Bodi ya Filamu. Zanzibar ni BASSFU, chombo chake yenyewe. Kenya ni Kenya Film Classification Board. Kibali cha bara hakikufikishi Zanzibar.

MBWANA: Halafu kuna andiko la tafakuri linaloambatana na filamu. Kufaulu ni 50, daraja la kati ni 60, la juu ni 70, na 70 kwa Mwingereza ni alama kubwa sana, usiidharau. Mtahini hataki usimulie ulivyochoka. Anataka uamuzi na sababu yake: kwa nini lenzi ile, ulijaribu nini kingine, jaribio lilionyesha nini. Andika kila jioni ya kazi, mistari 10 inatosha. Ukisubiri Septemba, sababu zote zimesahaulika.

ZUHURA: Sabtaito nazo. Filamu ni ya Kiswahili, watazamaji wanasoma Kiingereza. Neno letu moja, "hawakukutambua", kwa Kiingereza ni maneno matano. Mwigizaji amelitamka kwa chini ya sekunde moja, na sentensi inayofuata imeshaanza. Mistari isizidi miwili, kila mmoja usizidi herufi 42 hivi. Mhariri anayejua hilo huacha pumzi kidogo baada ya maneno mazito, wakati wa kuhariri, kabla picha haijafungwa. Hili silioni likifundishwa inavyostahili, na sisi tunaotengeneza kwa Kiswahili ndio tunaoumia.

MBWANA: Na filamu isiwekwe hadharani mtandaoni kabla ya tamasha. Matamasha mengi yanataka kuwa ya kwanza kuionyesha. Mpe mteuzi kiungo chenye nywila.

ZUHURA: DCP yenyewe inatengenezwa vipi bila kulipia maabara?

MBWANA: DCP-o-matic ni ya bure na inafanya kazi hiyo vizuri. Peleka matokeo kwenye ukumbi halisi wiki nzima kabla ya siku ya onyesho. Itazame yote, si dakika moja, ukae kiti cha pembeni, kisha cha nyuma. Angalia rangi ya ngozi, sabtaito zisikatwe ukingoni, na midomo ilingane hadi mwisho. Na kuna kisanduku cha kuifunga DCP kwa usiri. Usikiweke alama. Ukikiweka, kila projekta itahitaji ufunguo wake maalumu wenye tarehe ya kuanza na kuisha, na ufunguo ukichelewa saa moja, watu wameshaketi na filamu haifunguki.