Mungu Yupi Anayekanwa?

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu wa rika, habari za Bombo, za Jinja, za Arua na za kila pembe ya Uganda mnakonitazama. Kijana mmoja anayesoma Kampala ameniomba nieleze tofauti iliyopo kati ya mkanamungu na agnostiki, yaani mtu asiyedai kujua kama Mungu yupo, kisha niseme mimi mwenyewe niko upande gani baada ya kukaa Uingereza. Upande wangu nitausema, lakini kwanza lazima tulitazame swali ambalo karibu kila mjadala wa aina hii huliruka, nalo ni hili: wanaobishana kama Mungu yupo wanamzungumzia nani?

Mji wa Leicester ninakoishi unajulikana sana kwetu kwa sababu ya Wahindi waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, ambao maelfu yao walihamia hapa. Lisilojulikana sana ni kwamba katika barabara ya Humberstone Gate lipo jengo lililofunguliwa mwaka 1881 na chama cha watu wasiotaka dini itawale mambo ya umma, chama ambacho chenyewe kilianza mwaka 1851. Mbele ya jengo hilo zimewekwa sanamu za watu watano: Socrates mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, Voltaire mwandishi wa Kifaransa, Thomas Paine mwandishi wa siasa, Robert Owen mwanamageuzi wa jamii na, ndiyo, Yesu. Mtu akikutajia kwamba hilo ni jengo la wasioamini, utategemea kuona orodha ya maadui wa Mungu, lakini itazame orodha hiyo kwa makini. Voltaire na Paine walizishambulia dini za makanisa kwa ukali mkubwa, huku wote wawili wakishikilia kwamba yuko Muumba mmoja. Owen alizikataa dini zote, kisha uzeeni akaamini kwamba roho za wafu huzungumza na walio hai. Socrates aliuawa Athens mwaka 399 kabla ya Kristo kwa tuhuma za kutoiheshimu miungu ya mji, ingawa alidai kwamba sauti ya kiungu ilikuwa ikimwonya. Kuhusu Yesu sina haja ya kueleza. Kati ya watano hao simwoni hata mmoja ninayeweza kumwita mkanamungu bila kusita.

Tuhuma ya kukana miungu, kwa hiyo, mara nyingi ilimaanisha kukana miungu ya jirani. Wakristo wa kwanza waliitwa hivyo hivyo na Warumi, kwa sababu walikataa kuitolea sadaka miungu ya dola, na Askofu Polikarpo wa Smirna aliamriwa aseme "waondoke wasiomcha Mungu" kabla ya kuchomwa moto, akimaanishiwa Wakristo wenzake.

Lakini wako pia waliokana kwa maana iliyo kamili zaidi. Charles Bradlaugh alichaguliwa mwaka 1880 kuwa mbunge wa Northampton, mji usio mbali na hapa, akazuiwa kukikalia kiti chake mpaka mwaka 1886 kwa sababu ya suala la kiapo cha wabunge, kilichomtaja Mungu. Watu walidhani kwamba msimamo wake ulikuwa "hakuna Mungu", ilhali yeye aliandika jambo lililo gumu zaidi kulijibu: kwamba hasemi hakuna Mungu, bali hajui mnamaanisha nini mnapolitaja neno hilo, kwa kuwa kwake ni sauti isiyobeba wazo lililo wazi. Mimi ninaiona hoja hii kuwa nzito kuliko zote za upande ule, nzito kuliko zile za nyota na mageuzi ya viumbe ambazo vijana wetu hupenda kuzirusha, kwa sababu inamrudishia muumini kazi ambayo pengine hajawahi kuifanya.

Agnostiki naye mara nyingi hueleweka vibaya. Neno hilo lilibuniwa mwaka 1869 na mwanasayansi Thomas Henry Huxley, na hakukusudia mtu aliyesimama njia panda akisubiri kushawishika. Alikusudia kanuni: usidai kuwa na uhakika wa jambo ambalo huna ushahidi wa kuuthibitishia uhakika huo. Kuamini ni swali moja na kujua ni swali jingine, kwa hiyo mtu anaweza kukosa imani bila kudai ujuzi, na mwingine anaweza kuamini bila kudai ujuzi pia.

Sasa turudi nyumbani, maana mfano ulio bora kuliko hii yote ya Ulaya uko Acholi, kaskazini mwa Uganda. Okot p'Bitek, mshairi na msomi wetu, alisimulia katika kitabu alichokitoa mwaka 1970 kwamba mwaka 1911 mapadri wa Kiitaliano waliwauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewaumba. Lugha yao haikuwa na wazo la pekee la kuumba, kwa hiyo swali likawafikia wazee kama kwamba wameulizwa ni nani aliyewafinyanga. Hata hivyo halikuwa na maana, kwa kuwa mtu huzaliwa na mama yake, na wazee wakajibu kwamba hawajui. Walipozidi kubanwa watoe jibu, mzee mmoja akakumbuka kwamba yuko mtu anayezaliwa mzima kisha akafinyangwa upya, naye ni yule anayepatwa na kifua kikuu cha uti wa mgongo akaota kibiongo. Roho mbaya iliyoaminiwa kuleta maradhi hayo iliitwa Rubanga. Mzee akajibu, basi, kwamba Rubanga ndiye anayewafinyanga watu, na mapadri wakaanza kuhubiri kwamba Rubanga ndiye Baba aliyewaumba Waacholi.

Hebu fikirieni yule mzee wa kwanza aliyesema "hatujui". Je, alikuwa agnostiki? Hapana, kwa sababu aliulizwa swali ambalo halikuwa na mahali pa kusimama katika fikra zake. Na kama mwenzake angesema kwamba Rubanga hayupo, mapadri wangemwandika kuwa mkanamungu, ilhali angekuwa amekana kibiongo tu. Sisemi haya kuwakejeli ndugu zangu wa Gulu na Kitgum, kwa maana jina hupata maana kutokana na matumizi, na anayemwomba Rubanga leo kanisani anamwomba Mungu wa rehema bila kuufikiria mgongo wa mtu yeyote. Ninasema tu kwamba kukubaliana juu ya jina si kukubaliana juu ya anayetajwa.

Kosa hilo hilo huonekana katika mihadhara yetu ya hadharani. Mtetezi huanza na hoja ya chanzo cha kwanza, kwamba kila kilichoanza kina kilichokianzisha, na hoja hiyo si dhaifu hata kidogo. Lakini inachotoa ni chanzo, na chanzo hakisikii dua. Kabla msikilizaji hajazinduka, chanzo kile kimekwisha kuwa mwenye kukasirishwa na sketi fupi na kudai fungu la kumi. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, hakuwa mtu wa kupitishiwa ujanja huo. Alipambana na mafundisho ya mwanafalsafa Ibn Sina, ambaye hakuwa na shaka kwamba Mungu yupo, akayahukumu kuwa ni ukafiri katika mambo matatu, mojawapo likiwa kusema kwamba Mungu huyajua mambo ya mmoja mmoja kwa namna ya jumla tu. Kwa Ghazali, Mungu asiyemjua mtu aitwaye Zaidi kuwa ndiye Zaidi si Mungu, hata ukimwita kwa jina hilo.

Wakanamungu wetu wa Kampala nao wana dosari yao. Wengi wamemkana mzee mwenye ndevu anayekaa juu ya mawingu, kisha wakadhani wamemaliza kazi. Mwanafalsafa Spinoza, aliyetengwa na sinagogi la Amsterdam mwaka 1656, alisema Mungu na maumbile ni kitu kimoja, na mwaka 1929 Einstein aliulizwa kwa simu ya maandishi kama anaamini, akajibu kwamba anamwamini Mungu wa Spinoza. Hao wawili tuwaweke wapi?

Takwimu hazitusaidii sana. Sensa ya Uganda ya mwaka 2014 iliwapata wasio na dini asilimia 0.2, na ile ya Uingereza na Wales ya mwaka 2021 asilimia 37.2, lakini ya kwanza hupima zaidi jina ulilopewa utotoni, na ya pili inajumuisha watu wengi wanaoomba dua wakiwa wagonjwa. Sheria yetu imeona mbali kuliko fomu hizo: wito wa taifa ni "Kwa Mungu na Nchi Yangu", lakini Katiba ya mwaka 1995 inakataza dini ya serikali, na maneno ya viapo vyake yanamruhusu mtu aape kwa jina la Mwenyezi Mungu au athibitishe tu.

Mimi ni Mwislamu na sijaacha kuswali. Shahada yetu huanza kwa kukana, hapana mungu, ndipo lije neno "isipokuwa", na ninaamini kwamba asiyepita katika kukana huko kwa akili yake huenda hajui anachokithibitisha. Nikiulizwa kama ninaamini, ninajibu ndiyo. Nikiulizwa kama ninaweza kuuthibitisha ujuzi huo kwa kipimo cha Huxley, ninajibu siwezi. Wako masheikh watakaonipinga kwamba yakini ni sharti la shahada, na hoja yao ninaiheshimu, ila ninaona yakini ya moyo na ushahidi ambao mtu anaweza kumpa mwingine ni vitu viwili.

Kijana wangu wa Kampala, mzee wako akikuuliza kama umemkana Mungu, una haki ya kumwomba kwa adabu akueleze Mungu anayemkusudia, naye ana haki ya kukudai maelezo hayo hayo kuhusu yule uliyemkana. Sikufichi kwamba mazungumzo hayo yanaweza kuchukua usiku kucha, na kwa wazazi wengine hayataanza kabisa.