Jinsi ya kuchunguza konokono wa mfereji na kutambua dalili za dawa za shambani

Karibuni sana. Leo tuko kando ya mfereji wa mpunga, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria. Watu wengi wakiona konokono wamejaa namna hii husema maji ni mazima. Mimi nakuomba ushuku. Huenda wamejaa kwa sababu waliokuwa wakiwala wamekufa.

Kwanza kabisa, ngozi isiguse maji. Baadhi ya konokono hawa hubeba vijidudu vya kichocho, na vikishatoka kwenye konokono vinahitaji dakika chache tu kupenya ngozi. Hutoka kwa wingi mchana, jua likiwaka. Vaa buti za mpira na glavu ndefu. Maji yakikurukia, jifute papo hapo kwa taulo kavu. Watoto wabaki ukingoni na daftari, wao ndio makarani wetu.

Chagua sehemu mbili: moja juu, maji yakiwa hayajafika mashambani, na nyingine chini yanakotokea. Zikaribiane kwa kina, kivuli na majani. Funga chujio la jikoni kwenye mpini wa fagio, uchote dakika kumi kila sehemu, ukipitisha chini ya majani na kwenye mizizi ya magugu. Mimina kwenye beseni jeupe lenye maji kidogo. Subiri tope litulie.

Sasa tazama kwa karibu. Huyu bapa, aliyejiviringisha kama kamba iliyolazwa chini, ni Biomphalaria, wa kichocho cha tumbo. Huyu mwenye ncha mshike kwa kibanio, ncha juu, mdomo wa gamba ukikuelekea. Mdomo uko kushoto? Basi yaelekea ni Bulinus, na jamii hiyo ndiyo yenye konokono wa kichocho cha mkojo. Ukiwa kulia, mwandike kando.

Geuza jani hili la yungiyungi. Unaona kipande cha ute kilichonata? Kila tone ndani yake ni yai, na ukisogeza kamera ya simu utaona nukta inayozunguka polepole. Hicho ni kiinitete. Maji yakiwa na joto, huanguliwa baada ya wiki moja hivi. Hesabu na vipande vya mayai, usiviruke, maana zipo kemikali zisizomuua konokono mzima lakini huvuruga uzazi wake, hasa zile zinazoiga homoni na kufika mitoni pamoja na majitaka. Mwaka 2016 OECD, shirika la nchi mbalimbali la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, ilipitisha njia mbili za kupima kemikali kwa kufuatilia uzazi wa konokono wa maji baridi.

Hatua inayofuata ndiyo kiini cha kazi yetu: hesabu wasio konokono. Tafuta tunutu, yaani watoto, wa kereng'ende na kunguni wakubwa wa maji, ambao wengine hula konokono. Tafuta pia tunutu wadogo wenye mikia mitatu, wanaogombea na konokono utando wa kijani kwenye mawe. Wote ni wadudu, na dawa ya wadudu ikiingia majini haibagui. Watafiti waliopima sehemu 48 magharibi mwa Kenya walichapisha matokeo mwaka 2020: konokono wa kichocho walistahimili viuatilifu kuliko wadudu wanaoishi nao. Adui anaondoka, mshindani anaondoka, na mbolea iliyosombwa kutoka shambani inaotesha mwani wa kula. Konokono atakosaje kuzaana?

Kwa hiyo ukikuta juu wapo wote, na chini wamebaki konokono watupu, shuku dawa. Usimtuhumu mkulima yeyote kwa beseni mbili, kwani hata kasi ya maji hubadilisha hesabu. Rudia kabla ya msimu wa kupulizia, kisha urudi baada ya mvua kubwa ya kwanza inayofuata upuliziaji, maana ndiyo inayosomba dawa. Tofauti ikijirudia, peleka daftari kwa afisa wa kilimo na afisa wa afya, uombe maji yapimwe maabara.

Ukimaliza, rudisha kila kiumbe pale pale ulipomtoa. Usihamishe konokono kutoka mfereji huu kwenda mwingine, wala usiwapeleke nyumbani. Anika chujio na buti juani mpaka vikauke kabisa. Na kama kuna mwenzenu ambaye huoga au kufua hapa, mwambieni aende kupimwa kichocho. Dawa yake, prazikwanteli, ipo.