Kipindi: Zambarau, Bibi wa Edinburgh na Stima ya Saa Tisa Usiku

RUKIA: Assalamu alaikum, karibuni tena. Leo karatasi yangu ina mambo matatu ya kuwafundisha wanaofuga anemoni wa bahari nyumbani, yule mnyama laini anayefanana na ua. Taa, maji na chakula. Lakini shemegi yangu tangu aingie hajatia neno.

ATHUMANI: Zambarau amekufa.

RUKIA: Zambarau yupi? Yule anemoni wako wa kwenye jiwe?

ATHUMANI: Yeye huyo. Jumanne stima ilipotea mwendo wa saa tano usiku. Nikalala, maana stima hupotea na kurudi, tumezoea. Saa tisa ikarudi, nikaamshwa na pampu inalia kama mashine ya kusaga iliyomeza kijiwe. Nawasha tochi ya simu, tanki zima jeupe. Maji kama tui.

RUKIA: La ilaha illallah. Aliingia kwenye pampu.

ATHUMANI: Miaka miwili, shemegi! Hakuwahi kusogea hata shubiri moja. Wasikilizaji mnamjua, nimemsimulia hapa mpaka mkachoka: mguu wa zambarau, vidole vya rangi ya kaki, akijifungua anafika ukubwa wa sinia. Usiku mmoja tu akahama.

RUKIA: Ngoja nilieleze hili, maana ndilo linalowaua wengi. Anemoni wa jinsi ya Zambarau huko mwambani hukaa juu kabisa, pahali penye jua na mkondo. Mkondo ndio pumzi yake, unamletea hewa na kumwondolea uchafu. Pampu ikisimama, maji yanakufa. Hana macho wala ubongo, ila anahisi kwamba pale si pake tena. Basi analegeza mguu na kuanza kutembea gizani, polepole, akiambaa kioo. Pampu iliyozimwa kwake ni jiwe kama mawe mengine. Akajishikiza pale. Stima iliporudi...

ATHUMANI: Ikamvuta.

RUKIA: Ikamvuta. Ulikuwa umeivisha pampu sifongo?

ATHUMANI: Ile ndogo ndiyo. Kubwa sikuivisha, maana alikuwa hahami. Nimemtoa kwa mikono, kipande kwa kipande, mpaka adhana ya alfajiri. Tanki ni lita 300, nikamwaga 120 na kutia maji niliyokuwa nimeyachanganya kwenye mapipa. Nikatia na makaa ya kuchujia. Nilijua vipande vikioza mle, vyote vilivyo hai vitamfuata.

RUKIA: Hapo ulifanya sawa. Anemoni aliyekufa haachwi tankini mpaka asubuhi. Na samaki waliokuwa wakiishi ndani yake?

ATHUMANI: Hao ndio walionitoa machozi. Wale wawili wa waridi wenye mstari mweupe mgongoni. Hawajaondoka. Wanazunguka juu ya lile jiwe tupu, na usiku wanalala hapo hapo, ubavu kwa ubavu, pale alipokuwa.

RUKIA: Pole, shemegi. Pole sana.

ATHUMANI: Mwanangu mdogo kaniuliza, "Baba, alikuwa mzee?" Nikakosa la kumjibu. Anemoni anazeeka?

RUKIA: Basi nenda kamwambie habari ya Bibi.

ATHUMANI: Bibi yupi?

RUKIA: Bibi wa Edinburgh. Mwaka 1828, huko Scotland, bwana mmoja aliyeitwa Sir John Dalyell alimbandua anemoni kwenye mawe ya pwani ya North Berwick, akamweka kwenye mtungi wa kioo nyumbani. Wakati huo ilikisiwa keshatimiza miaka saba hivi. Dalyell akamtunza mpaka yeye mwenyewe akafa, mwaka 1851. Anemoni yuko hai. Akapewa profesa mmoja, naye akafa. Anemoni yuko hai.

ATHUMANI: Wacha!

RUKIA: Akapitia mikono ya watu watano. Wakamwita Granny, yaani Bibi. Amekufa mwaka 1887, na gazeti likaandika tanzia yake.

ATHUMANI: Hebu nihesabu. Ishirini na nane... miaka 59 mtungini! Bila pampu?

RUKIA: Bila pampu, bila taa. Maji mapya ya bahari, na kipande cha kome mara moja moja. Na usiku mmoja mwaka 1857 alizaa watoto zaidi ya 200.

ATHUMANI: Bibi huyo! Usiku mmoja?

RUKIA: Usiku mmoja.

ATHUMANI: Sasa mbona sisi tunajitesa na mataa na mapampu?

RUKIA: Ala! Nilijua utafika hapo. Bibi ni kabila nyingine. Wale wa pwani ya Scotland hukaa kwenye mawe ya ufukoni, maji yakipwa wanabaki nje, wanajifumba kama donge la jeli wakisubiri maji yajae. Baridi wamezoea, ukavu wamezoea. Tena hawana ule mwani mdogo ndani ya mwili. Zambarau alikuwa nao, nao ndio uliomlisha, na hauli bila mwanga. Mtie Zambarau mtungini bila taa, atapauka awe mweupe, kisha anywee mpaka aishe. Ndiyo maana mtu akiuziwa anemoni mweupe pepepe akaambiwa ndio uzuri, asimchukue. Huyo ana njaa.

ATHUMANI: Haya, tuingie kwenye taa basi, ndilo la kwanza kwenye karatasi.

RUKIA: Taa, naam. Taa iwe...

ATHUMANI: Lakini nani alikuwa akimchotea Bibi maji?

RUKIA: Shemegi!

ATHUMANI: Nauliza kwa dhati. Miaka 59, mtu anakwenda pwani kwenye baridi ile na ndoo, anarudi mjini. Profesa akifa, mwingine anapokea ndoo. Hilo ndilo linalonishika. Mimi mkondo umekatika saa nne tu, nikampoteza. Bibi mkondo wake walikuwa watu.

RUKIA: Hapo umesema. Na wewe sasa utafanyaje? Tanki utaliacha hivyo?

ATHUMANI: Nimeshazungumza na yule mvuvi. Bamvua ijayo, maji yakipwa sana, atanitafutia mwingine.

RUKIA: Hapana.

ATHUMANI: Nje ya hifadhi, shemegi. Mle ndani hatii mguu, nami siwezi kumtuma.

RUKIA: Nje ya hifadhi au ndani, hapana. Umesikia umri wa Bibi. Hawa wa kwetu nao si wa msimu mmoja. Ukimbandua mmoja, umeng'oa nyumba, na wale samaki waliokuwa wakiishi ndani yake hawana pa kujificha, wataliwa. Mwambani palishapungua. Mwaka 1998 bahari ilipata joto, matumbawe ya pwani hii yakapauka na mengi yakafa, na anemoni hupauka kwa joto lile lile. Nunua yule anemoni wa ncha za mapovu, anayejigawa mwenyewe tankini. Wafugaji hupeana. Nusu moja kwako, nusu moja kwa jirani, bahari haijaguswa.

ATHUMANI: Na hawa samaki wangu? Huko baharini jinsi yao haikai na huyo wa mapovu. Wanakaa na jinsi ya Zambarau na yule mwingine anayefanana na zulia. Nitawaletea nyumba wasiyoijua?

RUKIA: Tankini wapo wanaozoea.

ATHUMANI: Na wapo wasiozoea. Halafu Bibi naye alibanduliwa jiweni. Dalyell angesema hapana, wewe leo ungemjua?

RUKIA: Dalyell alichukua mmoja, akamtunza mpaka kifo chake mwenyewe. Wewe utakuwa umechukua wawili ndani ya miaka miwili.

ATHUMANI: Hilo limeniuma.

RUKIA: Sikulisema likuume. Lakini silirudishi.

ATHUMANI: Basi nami nikwambie langu. Wanangu wamekua na bahari ng'ambo ya barabara, na hawakuwa wakijua kilichomo. Zambarau ndiye aliyewafunza. Yule mdogo akiona mtu anatupa mfuko wa plastiki ufukoni, anaufuata anauokota, anasema, "Utamziba Zambarau." Anemoni mmoja kafanya kazi ambayo mimi baba yao sikuiweza. Na mvuvi naye ana watoto.

RUKIA: Na anemoni wa mapovu atamfunza nini kilichopungua?

ATHUMANI: Kwamba bahari inatoka dukani.

RUKIA: Hapana, shemegi. Atamfunza kwamba ukipenda kitu unaweza kukiacha kilipo.

ATHUMANI: Mtoto hampendi asiyemwona.

RUKIA: Ampeleke baba yake maji yakipwa, akamwone pale pale.

ATHUMANI: Nitampeleka. Na mvuvi nitamtuma.

RUKIA: Tumefika ukutani. Kaka yako akisikia kipindi hiki, chakula cha Ijumaa tutakila kimya kimya.

ATHUMANI: Kaka yangu atakuwa upande wangu.

RUKIA: Kaka yako atakuwa upande wa anayepika. Saa ngapi? Magharibi imekaribia, na mimi nina kivuko cha Likoni. Hatujagusa hata moja la karatasi!

ATHUMANI: Sema la chumvi basi, haraka.

RUKIA: Chumvi gramu 35 kwa lita, na isipande wala kushuka ghafla. Joto nyuzi 25 hadi 27. Tanki changa lisitiwe anemoni, lisubiri miezi sita au mwaka. Taa na chakula vingojee.

ATHUMANI: Na pampu.

RUKIA: Pampu zote zivishwe sifongo, hata ile unayodhani hataifikia. Stima ikipotea, chomoa pampu ukutani kabla hujalala, na uwe na pampu ya hewa ya betri. Stima ikirudi, kwanza tochi. Mtafute anemoni alipo, ndipo uchomeke.

ATHUMANI: Ningalijua Jumanne.

RUKIA: Na hao wawili waongezee mawe pale wanapolala, wapate pa kujibanza.

ATHUMANI: Nikifika nyumbani naanza na hilo. Shemegi, hiyo adhana.

RUKIA: Haya, tuzime.