Wasifu wa Bibi Uandikwe Bibi Akiwa Hai

Mugonile! Itifaki imezingatiwa. Niingie moja kwa moja, maana mwenyekiti amenipa dakika ishirini na ninyi mnanijua.

Wengi hapa mmeshanisikia nikilalamika juu ya wasifu wa marehemu tunaousoma misibani, nimelalamika kanisani, kwenye vikao vya ukoo, hata kwenye daladala ya Kiwira. Leo nalalamika kwa kipaza sauti. Bibi wa ukoo anafariki, watu wanajaa mpaka migombani, kijana anasimama na karatasi. Marehemu alizaliwa, alibatizwa, aliolewa, alijaliwa watoto tisa, ameacha wajukuu na vitukuu kadhaa. Basi, maisha yameisha. Halafu ndipo hadithi inapoanza: miguu ilianza kuvimba, akapelekwa zahanati, akapewa rufaa, presha ikapanda, akawekewa dripu. Miaka tisini ya uhai ina mistari minne, miezi mitatu ya ugonjwa ina ukurasa mzima! (Kicheko.) Mnacheka, na karatasi hizo mmeziandika ninyi.

Nichukue bibi mmoja wa hapa Rungwe, jina lake nitalihifadhi. Wasifu ulisema amezaliwa 1938, kama kitambulisho kilivyosema. Sasa huyu bibi, tukikaa jikoni kwake tukimenya ndizi, alipenda kusimulia siku kaka yake aliporudi kutoka Burma na askari wa Keya, jeshi la Waingereza la Waafrika. Watu walikimbilia barabarani, naye akakimbia, mwanawe wa kwanza akiwa mgongoni. Fanyeni hesabu. Vita vilikwisha 1945. Tuseme kaka alichelewa, akafika mwaka uliofuata. Kwa hiyo alizaa akiwa na miaka minane? Karani alimkadiria kwa macho tu, akamwekea Julai mosi kama alivyowawekea wenzake. Ukiviamini vitambulisho, nusu ya bibi zetu walizaliwa siku moja!

Na msiniambie hakuwa na kumbukumbu. Kalenda alikuwa nayo, ila haikuwa ya ukutani. Nzige wa miaka ya 1930 aliwakumbuka kwa sababu alikuwa mtoto aliyepewa debe alipige shambani wasitue. Alikumbuka mahindi ya njano ya njaa ya 1974, na kwamba hakuyapenda. Alikumbuka Wachina wakijenga reli ya TAZARA, vijana wa kijiji wakaondoka kwenda kupata vibarua. Ukimuuliza "ulizaliwa mwaka gani" anakuangalia tu. Muulize "nzige walipokuja ulikuwa unaweza kubeba mtungi?" utapata jibu, na umri wake utaupata humo humo.

Lakini kilichoniudhi zaidi kwenye karatasi ile ni sentensi moja: "Marehemu alikuwa mama wa nyumbani." Jamani! Mume wake alikwenda Wenela, shirika lililoandikisha vibarua wa migodi ya Afrika Kusini, kama wanaume wengi wa ukanda huu, kuchimba dhahabu Johannesburg. Wengine walikwenda mkonge Tanga kama manamba, wengine kwenye dhahabu ya hapa hapa Lupa, Chunya. Mnawakumbuka kwa redio na koti walilorudi nalo. Nani alikuwa anapalilia kahawa? Nani alikata matuta ya magimbi, akajitwika ndizi kuteremka nazo Kyela na kupanda mlima na mchele? Bibi huyu aliniambia kitu ambacho sijakisahau: kahawa alichuma yeye, alianika yeye, alibeba yeye mpaka kwenye mizani ya ushirika, na kwenye kitabu kikaandikwa jina la babu, mwaka ambao babu yuko chini ya ardhi. Akichimba, sio amezikwa! Serikali ilisimamisha uandikishaji wa Wenela mara baada ya Uhuru, wazee wakarudi, wakakuta miji imesimama, watoto wako shule, migomba imeongezeka. Sisi leo tunauita mji wa babu.

Namuona mzee pale anatikisa kichwa. Najua unachotaka kusema, baba: kumwandikia mtu wasifu yu hai ni kumchuria. Nimeshaambiwa hilo na shangazi zangu wenyewe. Basi usiuite wasifu. Uite mazungumzo. Kaa naye jikoni, weka simu kando inarekodi, umwambie inarekodi, mwache aseme. Hakuna bibi aliyekufa kwa kusikilizwa. Wengine mtasema msiba si mahali pa historia. Mbona ni mahali pa dripu?

Godfrey na Monica Wilson, wanaanthropolojia, walitoka mbali, wakakaa Rungwe miaka ya 1930, wakajifunza Kinyakyusa, wakaandika tunavyolima, tunavyooana na tunavyozikana. Mjukuu aliyelelewa na bibi mpaka darasa la saba anashindwa kurasa mbili! Na lugha anayo. Au alikuwa nayo, kabla hajahamia Dar.

Mwenyekiti ananionesha saa. Nilikuwa na sehemu ya pili, juu ya ardhi, nitaipitia kwa mbio. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Mkimhoji bibi, muulizeni na mipaka: nani alifyeka wapi, mti gani ulipandwa na nani, kipande kipi alikipata akiwa peke yake. Ugomvi mwingi wa matanga utaishia hapo, na kuna wajomba hawatafurahi. Sehemu ya tatu, juu ya majina ya wanawake kwenye miti ya ukoo, naiacha kabisa.

Maswali yaje. Tuanze na huyo mzee wa kuchuria.