Kaa Chini, Tukushikie Mikono

(Mazungumzo kwa wanajumuiya, yaani Wakatoliki majirani wanaosali pamoja kwa zamu nyumbani kwao, parokia moja mjini Nakuru, Oktoba 2025. Yameandikwa vile yalivyosemwa.)

Tumsifu Yesu Kristu. Tumsifu tena, hawa wa nyuma sijawasikia. Haya, asanteni, kaeni.

Mmeniona nikiingia na kiti kichwani. Padri ameniuliza pale mlangoni, mama, kwani viti vyetu havitoshi? Nikamwambia Padri, hiki sijaleta nikikalie, hiki ndicho nimekuja kuongea juu yake. Kiangalieni vizuri, nitakipitisha hapa mbele. Ni kiti cha plastiki, bluu, jua limekipausha upande mmoja. Huu mguu wa nyuma ulipasuka zamani ukashonwa na waya, na hizi tundu zimetobolewa na msumari uliowekwa kwa jiko ukawa mwekundu, saba huku na saba huku, mtu alikaa chini akazipima. Na ukikipindua hapa chini kuna herufi M kwa rangi ya kucha nyekundu, ndio kikienda matangani kirudi kwa mwenyewe. Wote tunajua vile viti hupotea matangani.

Sasa wacha niwaambie kilifikaje kwangu.

Mzee wangu, baba ya watoto wangu, alikuwa mtu wa boda. Mwaka wa 2019, mwezi wa saba, alikuwa anarudi kutoka kupeleka abiria, gari ikamgonga kwa barabara kuu ya kwenda Eldoret na haikusimama. Paja likavunjika mara mbili. Hospitali tulikaa wiki saba, leo tunaambiwa chuma cha kuweka kwa mguu hakijafika, kesho tunaambiwa daktari ameenda semina, na bili inaendelea kuhesabu hata siku ambayo hakuna mtu amemgusa. Nikauza pikipiki, ama kile kilibaki cha pikipiki, nikauza televisheni, nikauza sofaseti, na ile pesa ya stoki niliyokuwa nanunulia nyanya pale Wakulima ikaisha, kwa hivyo hata soko sikuwa naenda. Tulikuwa tunaishi Kaptembwa, chumba kimoja, pazia katikati. Mzee amelala nyuma ya pazia na mguu juu ya mto, haongei. Watoto wawili wanaangalia uso wangu kujua kama leo kuna chakula.

Na mimi nikashindwa kuomba. Nataka mnielewe hapa, sikumkasirikia Mungu, sikusema hayuko, maneno tu ndiyo yalikataa. Nilikuwa napiga magoti usiku naanza Baba yetu uliye mbinguni, jina lako litukuzwe, ufalme wako ufike, halafu nikifika kwa utakalo lifanyike nakwama. Mdomo unafunga. Kila usiku hapo hapo. Mtu amelelewa kanisani, amefanya komunyo ya kwanza, amekuwa kwaya, na hawezi kupita utakalo lifanyike. Niliona aibu sana kuliko hata aibu ya kukopa unga.

Nikaacha kwenda jumuiya. Mnajua vile mtu huacha, huamki siku moja ukasema nimeacha, unakosa Jumamosi moja kwa sababu ya mvua, ingine kwa sababu ya mtoto, halafu unaanza kupitia njia ya nyuma ya ploti ndio usikutane na mwenyekiti.

Sasa zamu ya nyumba yangu ikafika. Jumamosi tarehe 19 mwezi wa kumi. Mimi sina sukari, sina majani, sina kiti hata kimoja, nimeuza. Nikamtumia mwenyekiti ujumbe kwa WhatsApp nikamwambia nimesafiri ushago, wafanyie kwa mtu mwingine. Uongo mtupu, nilikuwa nimekaa kwa ndoo iliyopinduliwa.

Saa kumi na moja jioni nikasikia viti vikigongana huko nje. Kama unakaa ploti unaijua hiyo sauti, plastiki kwa plastiki kwa ule mlango mwembamba wa geti. Nikachungulia. Watu tisa, kila mtu na kiti chake kichwani, mmoja na kigoda, na shosho mmoja mbele kabisa amebeba hiki kiti na mfuko wa sukari. Hakuna mtu aliniuliza ulisema uko ushago. Walisema hodi, wakaingia, wakapanga viti hadi mlangoni, wengine watatu wakakaa nje kwa sababu ndani pamejaa. Shosho akanishika mkono akanitoa kwa ile ndoo akaniketisha kwa kiti chake, yeye akakaa kwa ndoo yangu. Akaniambia, "Kaa chini mama, leo usifanye kitu, hata kuomba usiombe."

Tukaanza kama kawaida, zile hatua saba mnazozijua, kumkaribisha Bwana, kusoma, kila mtu kurudia neno lililomgusa, kukaa kimya, zile zilitoka Afrika Kusini kule Lumko na zimetufaa sana sisi watu wa kawaida ambao hatujasoma teolojia. Na tulisoma masomo ya Jumapili ya kesho yake. Somo la kwanza lilikuwa Kutoka 17.

Nataka mlisikie vizuri kwa sababu linarudi. Masomo ya Jumapili huzunguka kwa miaka mitatu, A, B na C, na sasa ni mwaka C tena, Jumapili ya tarehe 19 mwezi huu mtalisikia hapa hapa. Waamaleki wamekuja kupigana na Waisraeli, Yoshua yuko chini kwa vita, Musa amepanda kilimani na fimbo. Akiinua mikono Israeli wanashinda, akiishusha Waamaleki wanashinda. Na mikono ya Musa ikawa mizito. Huyu si mtu mdogo, huyu ndiye aliongea na Mungu kwa kile kichaka kinachowaka, na bahari aliivuka, lakini mikono ilichoka kama ya mtu mwingine yeyote. Haruni na Huri walifanya nini? Hawakumwambia Musa jipe moyo, wala hawakumuuliza kama ana dhambi amejificha nayo. Kitu cha kwanza, hata kabla ya kushika mikono, walitafuta jiwe wakaliweka chini yake akakaa. Halafu mmoja upande huu na mwingine upande huu, wakaishika hadi jua likatua.

Walianza na kiti! Mimi hiyo sentensi nilikuwa nimeisikia miaka yote na sikuwahi kuliona hilo jiwe. Siku hiyo nililiona kwa sababu nilikuwa nimelikalia, na lilikuwa la bluu.

Tulipofika hatua ya maombi kila mtu aliomba, ikafika zamu yangu nikanyamaza. Shosho hakungoja nijilazimishe, akaanzisha Baba Yetu, wote wakaingia, na tulipofika utakalo lifanyike mimi nikanyamaza kama kawaida na wao wakapita. Wakapita na mimi ndani! Nikajikuta kule ng'ambo kwa mkate wetu wa kila siku, nikaingilia hapo. Na nyuma ya pazia nikasikia sauti ya mzee wangu, nzito, ya mtu hajaongea siku tatu, anasema amina.

Walipoondoka shosho aliacha kiti. Nikamkimbilia na kiti hadi getini, akakataa, akasema nyumba haikai bila kiti cha mgeni.

Kwa hivyo mtu akiniuliza jumuiya ni ya nini mimi namuonyesha hiki. Maaskofu wetu wa Afrika Mashariki, kwa umoja wao wa AMECEA, waliamua hii njia miaka ya sabini, mwaka wa 1973 wakaizungumzia, 1976 wakaifanya ndiyo kazi yao ya kwanza, kwamba Kanisa lisiwe tu lile jengo la Jumapili, likae kwa nyumba za watu mahali wanaishi. Waliona kitu. Kwa kanisa kubwa na Misa ya watu mia nane unaweza kulia nyuma ya nguzo mwaka mzima na hakuna mtu anajua, lakini kwa chumba cha futi kumi kwa kumi utajificha wapi?

Na hapa Nakuru yetu, wacha nipite hapa haraka lakini siwezi kuruka. Jumuiya yetu siku ile kulikuwa na Mkikuyu, Mluhya, Mkisii, Mjaluo, Mturkana, na mzee mmoja Mkalenjin. Kuna watu hapa walilala Showground, ule uwanja wa maonyesho, mwanzoni mwa 2008 wakikimbia vita vya baada ya uchaguzi, wanajua nasema nini. Na wazee wanamkumbuka Askofu Ndingi, alikuwa askofu wetu tangu 1971 hadi 1996, yale mapigano ya mwanzo wa miaka ya tisini hakunyamaza, aliongea juu ya watu waliofukuzwa makwao wakati kuongea kulikuwa hatari. Mtu wa kabila lingine akikushikia mkono ukiwa huwezi kuomba, akianza siasa za mwaka wa uchaguzi huwezi kumuona kama adui, ama ukimuona utasutwa. Ndiyo maana nawaambia hiyo kazi ya Jumamosi jioni si ndogo.

Sasa niseme lile limenileta hasa, na mniwie radhi, nasema kwa sababu nawapenda.

Tumegeuza jumuiya mahali pa kuhesabu watu. Mtu akifika tu daftari linafunguliwa. Mchango wa ukuta wa kanisa, mchango wa gari, sare ya Wanawake Wakatoliki, faini ya kuchelewa. Sikatai michango, ukuta haujijengi, mimi pia natoa. Lakini kusoma kwa sauti majina ya wale hawajatoa, mbele ya watoto wao, hiyo iishe. Iishe kabisa! Yule hajatoa mara nyingi ndiye ameuza sofaseti. Unamsoma jina leo, wiki ijayo anapitia nyuma ya ploti.

Na ile swali. Mtu amekufa, familia imekimbia kwa ofisi ya parokia na machozi, kitu cha kwanza wanaulizwa ni alikuwa jumuiya gani. Nimesimama nikisikia mtu akiulizwa hivyo juu ya mama yake, akakosa jibu, na hakuna hata mmoja aliyempa kiti. Hilo swali ni zuri, lakini tunaliuliza likiwa limechelewa. Tuulize mtu akiwa hai. Tuulize kwa ploti, kwa stegi ya boda, kwa foleni ya maji, wewe mama uko jumuiya gani, na kama hana, Jumamosi tunafika kwako na viti vyetu, sukari tunayo.

Na kwa wewe ambaye uko hapa leo na hujaomba miezi, uko, najua uko, nakuambia usingoje maneno yarudi ndio urudi. Kuja hivyo hivyo, hata kama hayapo. Zaburi ya 88 inaanza kulia na inaishia gizani, mstari wa mwisho kabisa ni giza, na Kanisa linaisali na halijawahi kuitoa. Kama huwezi Baba Yetu yote, sema ile nusu unaweza, wengine watamalizia. Rozari ina Salamu Maria 53, na huu ni mwezi wake, hakuna mahali imeandikwa lazima uzitamke zote wewe. Mimi nilikuwa nashika tu zile punje. Nilikuwa nalala fungu la tatu na mtoto mapajani na ninaamka nakuta wamefika salamu Malkia, ile sala ya mwisho.

Mnajua hiyo Jumapili ya Musa Injili yake ni ya yule mjane, Luka 18, aliyemsumbua hakimu hadi akachoka. Zamani nilidhani Kanisa linaniambia niwe kama mjane, nisichoke. Lakini wameyaweka pamoja, mjane na Musa. Kuna siku uko na nguvu ya kugonga mlango wa hakimu, na kuna siku wewe ni wa kuketishwa.

Shosho yule, nimalize habari yake. Machi 2020 makanisa yalifungwa kwa sababu ya korona, mnakumbuka. Yakifunguliwa Julai tukaambiwa watu mia moja, saa moja peke yake, na wenye miaka zaidi ya 58 wabaki nyumbani. Yeye alikuwa amepita sabini. Huyo mama hakuwa amekosa Misa ya alfajiri tangu nimjue. Jumapili ya kwanza alivaa kitambaa chake cha Wanawake Wakatoliki akakaa mlangoni kwake akiangalia watu wakipita kwenda kanisani. Basi tukabeba viti. Tukavipanga nje kwa ploti yake mbalimbali, barakoa kwa uso, yeye kwa mlango, tukamsomea masomo ya siku. Mimi nilikaa kwa hiki kiti. Alikifahamu, akacheka, akaniambia mguu umeanza kupasuka. Mzee wangu ndiye alikishona, akiwa amekaa chini na mguu wake umenyooshwa, bado hawezi kusimama vizuri. Anachechemea hadi leo, ana kibanda cha kutengeneza simu, na Baba Yetu anaimaliza.

Shosho alitutoka 2021, usingizini. Watoto wake walitaka kunirudishia pesa ya kiti kwa sababu walidhani mama yao aliniuzia, nikawaeleza, wakalia.

Sasa, kuna mama kwa ploti ya pili kutoka kwa posho mill, upande wa chini, wengine mnamjua na jina silitaji. Alizika mtoto mwezi wa nane na hajatoka nje vizuri tangu siku hiyo. Juzi nilimtumia salamu akajibu amesafiri ushago, na nguo zake nimeziona kwa kamba. Leo saa kumi na moja tunaenda. Hiki kiti kinabaki kwake. Mwenyekiti ana sukari, majani nimebeba. Tukutane hapo nje kwa geti, na kila mtu aje na kiti chake.