Kitasa, Umri na Siku Tatu: Wazazi wa Parkland Walivyoibana Florida

Asanteni, kaeni, kaeni. Wa nyuma mnanisikia? Haya.

Wengi wetu hapa Marekani tuna watoto wanaofanyishwa mazoezi ya kujificha darasani tangu chekechea, ndiyo maana nimeombwa nizungumzie sheria za silaha na usalama wa shule. Ni mada ndefu. Leo tukae Parkland, Florida.

Tarehe 14 Februari 2018, kijana wa miaka 19 aliyewahi kusoma Marjory Stoneman Douglas aliingia jengo namba 12 la sekondari hiyo. Katika muda usiozidi dakika nne aliua watu 17: wanafunzi 14 na wafanyakazi watatu. Bunduki yake aliinunua dukani kihalali. Wakati ule, kununua bastola dukani ulitakiwa uwe na miaka 21. Bunduki kubwa kama yake, 18 ilitosha. Mnaguna? Wazazi nao waliguna.

Halafu kuna habari ya kitasa. Tume iliyochunguza mauaji yale ilikuta milango ya madarasa inafungwa kwa ufunguo kutoka nje tu. Yaani mwalimu akisikia risasi, ili awafungie watoto ndani, lazima kwanza atoke koridoni, kulekule risasi zinakolia. Aliyeagiza vitasa vile sidhani kama alikuwa na nia mbaya. Labda hakuna mzazi aliyewahi kuuliza, basi. Mimi mwenyewe mikutano ya shule naulizaga habari za chakula na basi tu.

Sasa wale wafiwa hawakuwa kitu kimoja. Ryan Petty ni mhafidhina. Fred Guttenberg anataka silaha zibanwe vikali. Kila mmoja alimzika binti yake. Siku sita baada ya mauaji, Baraza la Wawakilishi la Florida lilikataa, kwa kura 71 dhidi ya 36, hata kuujadili muswada wa kupiga marufuku bunduki za aina ya kivita, wanafunzi wa shule ile wakitazama kutoka roshani ya wageni. Pale familia zingeweza kusambaratika, huyu aende na chama chake na yule na chake. Wao wakaweka kando wanayobishania, wakashika yale wanayokubaliana, wakafunga safari hadi Tallahassee, mji mkuu wa Florida, kuwakabili wabunge uso kwa uso. Mbunge anazoea kelele za uwanjani. Mzazi aliyeketi mbele ya meza yake na picha ya mtoto ni habari nyingine.

Muswada mwingine, wa silaha na usalama wa shule, Seneti ikaupitisha kwa kura 20 kwa 18, Baraza 67 kwa 50. Tarehe 9 Machi Gavana Rick Scott, Republican aliyekuwa akisifiwa na chama cha wenye silaha, NRA, akatia saini. Umri wa kununua bunduki yoyote ukawa miaka 21. Mnunuzi akatakiwa kusubiri siku tatu. Polisi wakaruhusiwa kumwomba hakimu amri ya kumnyang'anya silaha kwa muda mtu anayeonekana hatari. Zikatengwa fedha za usalama wa shule. Humo humo kikaingizwa kipengele cha kuwapa silaha baadhi ya wafanyakazi wa shule. Hicho mimi sikipendi, na hata bungeni kiliwakera wengi, lakini bila hicho nadhani muswada ungekwama.

Siku ileile NRA ikaenda mahakamani kupinga kifungu cha umri. Kesi ikavutana miaka saba, hadi Machi 2025 mahakama ya rufaa ya shirikisho ilipokikubali. Na Baraza lilelile la Wawakilishi limepitisha miswada ya kurudisha umri uwe 18 mwaka 2023, 2024 na 2025. Mara zote tatu imeishia mlangoni mwa Seneti.

Haya, maswali. Mama pale, anza wewe.