Daraja la Rock Island: nani hasa aliliondoa?

Naona mkono umeshainuka huko nyuma hata sijafungua kinywa. Swali nalijua: "Si lile daraja ambalo Abraham Lincoln, kabla hajawa rais wa Marekani, alishinda kesi yake?" Hapana, ndugu yangu. Hakushinda. Nimelisema hili mpaka sauti imekauka.

Tuanze na meli. Daraja hili lilifunguliwa Aprili 1856, la kwanza la reli kuvuka mto Mississippi, kati ya Rock Island, jimbo la Illinois, na Davenport, jimbo la Iowa, huko Marekani. Lilikuwa la mbao, na kipande chake kimoja kilikaa juu ya nguzo pana. Ukikizungusha kinalala sambamba na mto, meli zinapita huku na huku. Tarehe 6 Mei, hata mwezi haujatimia, meli ya mvuke Effie Afton ikapita. Sikilizeni vizuri: ikapita! Daraja lilikuwa wazi na meli imeshaliacha nyuma. Gurudumu la kulia la kusukumia maji likagoma, mkondo ukairudisha, ikagonga nguzo. Jiko likapinduka. Meli ikateketea, na sehemu ya daraja ikaungua nayo. Meli nyingine zikapiga kengele kwa furaha, maana wenye meli hawakulipenda daraja hilo.

Mtaniambia nguzo zilikaa vibaya na kuupotosha mkondo. Ndivyo alivyodai Jacob Hurd mwenye meli, akashtaki. Septemba 1857, mjini Chicago, mbele ya Jaji John McLean, Lincoln akiwa miongoni mwa mawakili wa daraja, akawarushia tarakimu: tangu 8 Septemba 1856, daraja lilipokarabatiwa baada ya moto, hadi 8 Agosti 1857, yalivuka mabehewa ya mizigo 12,586 na abiria 74,179. Tena mto ule huganda wakati wa baridi, meli zinalala miezi karibu minne, treni hailali. Hoja yake ilikuwa nyepesi tu: mwenye kuvuka mto ana haki sawa na mwenye kuufuata. Maneno matamu, sivyo? Basi wazee wa baraza hawakukubaliana, wakaenda nyumbani kwao bila kutoa uamuzi. Hiyo mnaiita kushinda? Hata timu yetu ya mtaa ikitoka sare haiandamani barabarani.

Haya, niharakishe. Mwaka 1860 jaji wa Iowa akaamuru sehemu ya daraja iliyo upande wa jimbo lake iondolewe. Desemba 1862 Mahakama Kuu ya Marekani ikaitengua amri hiyo. Wakati huo Lincoln ni rais. Kwa hiyo moto ulishindwa, mahakama nayo ikashindwa. Aliyeliondoa ni jeshi, lililotaka kile kisiwa cha mtoni ambacho daraja lilikipitia, kwa kiwanda chake cha silaha, wakati reli inakikatiza katikati. La chuma likajengwa kwenye ncha ya magharibi ya kisiwa mwaka 1872, la zamani likang'olewa. Lile la chuma nalo likapisha la 1896, ambalo lipo hadi leo na bado linazunguka. Namna linavyozunguka nimekuja na mchoro wake kabisa, lakini mwenyekiti ananionyesha saa kwa mara ya tatu.